Samaki Anayekauka Ndani ya Maji
Mhadhara kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dodoma

Mbukwenyi! Asanteni sana. Mimi ni mtu wa Pangani, Kigogo changu kinaishia hapo hapo kwenye salamu, kwa hiyo msinijaribu zaidi.

Niwape kisa kwanza. Fundi umeme alikuja kwangu Ilazo kutazama soketi, akanikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya beseni lenye samaki mmoja, saa mkononi, midomo inanicheza. "Mzee, unahesabu nini?" Nikamwambia nahesabu pumzi. Akatulia kidogo, akasema, "Huyu si ungemkaanga tu?" Mnacheka, lakini nusu yenu mngesema vilevile. Samaki mwenyewe ni kangaja, hazidi kiganja cha mkono. Ukimkaanga umepoteza mafuta.

Kangaja yule aling'atwa na kikande, samaki mwenzake. Niliwaweka tangi moja nikijua kabisa kikande ana meno ya kuvunja kome na fuu, basi kosa ni langu. Nilipomkuta asubuhi, ubavuni palikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba: ngozi imetoka, nyama nyeupe iko wazi, kingo zimepiga wekundu. Pezi la mgongoni limechanika kama bendera ya zamani. Lile pezi halikunishughulisha sana. Pezi likichanika huota tena, ilimradi shina lake halijaliwa. Kilichonitisha ni ule ubavu, na sababu ya kutisha ndiyo iliyonileta hapa leo.

Miaka mingi nyuma, mgonjwa wangu wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Nilimuuliza aliyeniuzia, akanambia, "Mpe bafu ya chumvi." Nikachota vijiko viwili vya chumvi ya mezani nikamwaga. Kufika magharibi samaki amekwisha. Ushauri ule si wa uongo, ila ulikuwa wa sato na kambale, samaki wa maji baridi, yaani ya mito na maziwa. Mimi nilikuwa na samaki wa bahari.

Hapa naomba mnisikilize polepole. Damu ya samaki wa kawaida, yule mwenye mifupa, ina chumvi kama theluthi tu ya chumvi ya bahari. Maji hukimbilia palipo na chumvi nyingi. Kwa hiyo samaki wa bahari ananyonywa maji mwilini usiku na mchana, na ili asikauke anakunywa bahari bila kukoma, kisha anaisukuma ile chumvi nje kwa matamvua. Ngozi, magamba na ule ute wake ndio mfuniko wa mtungi. Sasa kikande akitoboa mfuniko, maji yanatoka moja kwa moja kwenye nyama. Samaki yumo majini, na anakufa kwa kiu.

Yule wa maji baridi ni kinyume chake. Yeye maji yanamwingia, akipasuka ngozi anajaa kama sifongo, na chumvi kidogo inampunguzia mzigo. Mimi nilimwongezea chumvi samaki ambaye chumvi ndiyo iliyokuwa inamuua.

Basi kwa kangaja nilikwenda njia nyingine. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Kwenye beseni la wagonjwa nilishusha taratibu, kwa siku mbili, mpaka kama 27. Anapumua, anapata nafuu, ile pampu ya matamvua haisukumi kwa nguvu kama zamani. Msifanye hivyo kwenye tangi kubwa lenye matumbawe, kamba na konokono, maana hao hawavumilii mabadiliko hayo. Na kama kuna tajiri humu anafuga papa mdogo au taa, huyo asimshushie chumvi kabisa. Mwili wake una hesabu nyingine.

Beseni lenyewe halina anasa. Langu ni la plastiki, lita 50 hivi, halina mchanga wala mawe. Ndani kuna kipande cha bomba la maji cha kujifichia, hita, na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Siri iko kwenye sponji. Naiacha miezi yote ndani ya tangi kubwa, iote wale bakteria wanaokula amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, na siku ya dharura naihamisha ikiwa hai. Ukiweka sponji mpya kutoka dukani, mgonjwa atalala kwenye mkojo wake mwenyewe, na kwenye maji ya bahari, kwa vile ni ya kibezi, kinyume cha tindikali, amonia huwa kali kuliko kwenye maji baridi. Pima kila siku. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji, yenye joto na chumvi ileile. Pande tatu za beseni nilizifunika kwa kanga ya mke wangu, samaki apate giza. Mwenye kanga hakufurahi.

Kumkamata, tafadhali, wekeni nyavu chini. Kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia, kinanasa kwenye wavu, na mkimvuta mnamwongezea kidonda cha pili. Mimi nazamisha bakuli, namsukuma polepole aingie mwenyewe, natoka naye pamoja na maji. Na kabla ya hilo lote, jiulize kama kuna haja ya kumtoa. Kidonda kikiwa kidogo, anakula, na hakuna anayemfukuza, mwache. Samaki ana uwezo wa kutandaza ngozi changa juu ya mchubuko mdogo ndani ya siku moja. Mbio za kumkamata zinaweza kumuumiza kuliko jino lenyewe.

Sasa kuna shida za kwetu huku, ambazo ndugu zangu wa Dar na Tanga hawazijui. Tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yakiwa wazi yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Ongeza kwamba maji ya chumvi na ya uvuguvugu hushika oksijeni kidogo kuliko ya kisima ya baridi. Mgonjwa wako anaanza mchezo akiwa nyuma. Kwa hiyo Dodoma jiwe moja la hewa, lile linalotoa mapovu majini, halitoshi. Mimi naweka mawili, moja linaendeshwa na betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku samaki mzima anaweza kusubiri, majeruhi hawezi.

Halafu ukavu. Upepo wetu wa Agosti mnaujua, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Tangi nalo linakauka, ila kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya chumvi unazidisha. Jazia maji matupu yaliyochujwa kwa mashine, si ya bomba. Mabirika yenu nyumbani yanaonyesha wenyewe maji ya visima vyetu yanaacha nini. Na usiku wa Juni na Julai hita isizime. Mimi nashikilia nyuzi 25 au 26.

Dawa nimezichelewesha makusudi. Kuna mzee mwenzangu alifungua kapsuli za tetrasaiklini akazimimina tangini, na mwingine akatumia ya kuku. Kalisiamu na magnesiamu za maji ya bahari huishika dawa hiyo, sehemu kubwa haimfikii samaki; umenunua rangi ya maji. Dawa za shaba ni za vimelea, hazihusiani na jeraha, na zikiingia tangi kubwa zinaua kamba na kaa wote. Kwa kangaja sikutumia kitu chochote kwa siku tano. Nilikuwa naangalia kingo. Wekundu ukisambaa, ukungu mweupe ukatokea, mishipa myekundu ikaanza kwenye mapezi, hapo bakteria wameingia, na hapo unamtafuta daktari wa mifugo mkachague dawa, ndani ya beseni, si kwenye tangi. Wekundu wa kangaja ulianza kufifia siku ya tatu.

Kula? Siku mbili aligoma. Siku ya tatu nilimbania mwani mkavu wa Unguja, uliooshwa, kwenye kibanio cha nguo. Akauzunguka, akaudonoa, akaondoka, akarudi. Nikamwita mke wangu aje aone. Pumzi nilizokuwa nahesabu zilikuwa zimepungua kwa theluthi. Hesabuni za samaki wenu wangali wazima, muandike ukutani, maana kila mmoja ana yake.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, binti. Anauliza nilimrudishaje bila kung'atwa tena. Swali zuri. Chumvi niliipandisha kwa wiki nzima. Siku ya kumrudisha nilianza kwa kuyabomoa mawe yote ya tangi na kuyapanga upya, pango la kikande likawa halipo. Nikazima taa, nikamwachia kangaja, mambo yakawa kimya. Asubuhi kikande alikuwa anazunguka anatafuta nyumba yake, na kangaja amekalia jiwe la juu kabisa, anakwangua mwani. Baada ya wiki mbili niliona ni kujidanganya, nikampeleka kikande kwa rafiki yangu wa mtaa wa Kisasa mwenye tangi la peke yake.