Kamera ya zumu ndefu au DSLR ya zamani? Pima hivi kabla hujatoa hela

Karibuni tena wadau. Hapa mezani nina kamera mbili za mtumba. Ukizunguka Kariakoo kutafuta kamera ya kuanzia, lazima utakutana nazo au ndugu zake. Hii ya kushoto ni Canon PowerShot SX50 HS ya mwaka 2012. Lenzi yake haitoki, ila inavuta mara 50. Hizi ndizo zinazoitwa kamera za briji. Ya kulia ni Canon EOS 600D, DSLR ya mwaka 2011, na lenzi yake unabadilisha upendavyo. Kwa mbali zinafanana, na wapo wauzaji watakaokuuzia hii kwa jina la ile.

Kila siku naulizwa ipi kali. Kali kwa kazi gani? Hapo ndipo tuanzie.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi na kalamu. Andika vitu vitatu utakavyovipiga picha mara nyingi zaidi, na mbele ya kila kimoja andika mahali na saa. Usiandike "kila kitu". Andika "harusi, ukumbini, usiku". Andika "ndege, porini, mchana". Saa ina maana yake, kwa sababu kamera hizi zinaachana kwenye mwanga kuliko kwenye jambo lingine lolote. Ukimaliza iweke hiyo karatasi karibu, tutairudia.

Hatua ya pili, umbali. Njooni dirishani. Mnaiona ile nguzo ya umeme kule? Juu yake ametua kunguru. Naanza na 600D, nimeifunga lenzi ya milimita 55-250. Navuta mpaka mwisho, napiga. Sasa SX50. Navuta mpaka mwisho pia, viwiko nimeviegemeza kwenye fremu ya dirisha, natoa pumzi, ndipo nabonyeza. Ngoja niwasogezee vioo vyote viwili. Kwenye 600D kunguru ni mdogo juu ya nguzo, kama theluthi tu ya fremu. Kwenye SX50 amejaa fremu nzima, mpaka ile shingo yake ya kijivu unaiona.

Hesabu yake ni hii. Sensa ya 600D, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, kwa hiyo unazidisha kwa 1.6, na 250 inakuwa sawa na 400. SX50 inafika sawa na 1200. Tofauti ni mara tatu. Utasema, si nitaikata tu picha kwenye kompyuta? Kata, lakini ukipunguza mara tatu upana na mara tatu kimo, unabaki na moja ya tisa. Megapikseli 18 zinakuwa 2. Kwa stetasi ya WhatsApp zinatosha. Kwa kalenda ya ukutani hapana. Na hata ukitafuta ile lenzi ndefu ya 150-600, kwenye 600D inaishia sawa na 960, ina uzito wa karibu kilo mbili, na hela yake unapata SX50 kadhaa na chenji.

Kwa hiyo wewe dereva wa watalii, unayeshinda ndani ya Land Cruiser Mikumi au Manyara, huruhusiwi kushuka, na mnyama hakai kukusubiri, chukua briji bila kujiuliza mara mbili. Kufungua lenzi katikati ya vumbi la Serengeti wakati wa kiangazi ni kuitafutia sensa matatizo. Ila jua moja: saa sita mchana hewa ya moto inachezacheza juu ya ardhi, na simba aliye mbali atatoka amepindapinda hata ungekuwa na kamera ya milioni 20. Picha za mbali piga asubuhi.

Muuzaji akikwambia "hii inavuta mara 83, bosi", muulize inaanzia wapi, maana hiyo "mara" ni mwisho wa zumu ukigawa kwa mwanzo wake. Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 kweli inavuta mara 83, kutoka 24 hadi 2000, na mashimo ya mwezi utayaona vizuri tu ukiwa uani kwako. Lakini haitoi RAW, yaani faili ghafi la picha, kwa hiyo picha iliyoungua mwanga huna pa kuirekebishia sana. Halafu ingia kwenye menyu uzime zumu ya dijitali kabla hujajaribu chochote. Ile ni kuikata picha na kuitanua, kitu ambacho simu yako inakifanya bure.

Hatua ya tatu, mwanga hafifu. Hapa ndipo DSLR ya zamani inapolipa kisasi. Nimefunga pazia, imebaki taa moja ya dari. Mjomba, kaa hapo kwenye kiti, usitikisike. Kwenye 600D nimetoa lenzi ndefu nikafunga ya 50mm f/1.8. Hiyo f ni tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nimeweka 1600. Kamera inanipa spidi ya 1/125 ya sekunde. Napiga. Uso uko wazi, macho yamekamatwa vizuri, na kabati la nyuma yake limeyeyuka.

Sasa SX50, ISO ileile 1600. Hata nisipovuta zumu kabisa, tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/3.4, kwa hiyo spidi inashuka mpaka 1/30 hivi. Mjomba kageuza kichwa kidogo tu, na mashavu tayari yana ukungu. Nikivuta zumu, tundu linazidi kubana. Na tazama kwenye kivuli cha shati: chengachenga tupu. Si kamera mbovu. Sensa yake ina upana wa milimita 6 tu na kitu, ya 600D ina 22. Kwa eneo, ile kubwa inaizidi hii karibu mara 12. Mwanga wa kugawana ni mdogo, na hakuna programu itakayourudisha wote.

Rudi kwenye karatasi yako. Kama umeandika ukumbini, kanisani usiku, kitchen party, picha za pasipoti, watoto ndani ya nyumba, basi ni DSLR. Na kwa mtu anayetaka kuanza kupata riziki kwa kamera, mimi nasema DSLR hata kama ina miaka zaidi ya kumi, kwa sababu wateja wengi wanaolipa ni watu, na watu wanasherehekea usiku.

Kama umeandika video, sikiliza kwa makini. 600D ina tundu la maikrofoni, ni jambo zuri, lakini ikiwa inarekodi haifuatishi fokasi yenyewe mtu akitembea. Zaidi ya hapo, faili likifika GB 4 inakata, na kwa ubora wa 1080 hiyo ni kama dakika 12. Mshenga akiwa mzungumzaji, umekwisha. Panga kuikata na kuianzisha upya mwenyewe wakati watu wanapiga makofi.

Hatua ya nne, bei kamili. Bei ya DSLR unayotajiwa mara nyingi ni ya bodi, yaani kamera bila lenzi, au bodi na ile lenzi ya 18-55 ambayo ukumbini usiku haitakupeleka mbali. Ongeza 50mm, betri ya pili, chaja, kadi. Briji bei unayotajiwa ndiyo hiyo, ongeza betri tu, maana zumu inakula umeme.

Wanaotaka Nikon, kuna mtego hapa unaliza wengi. D3100, D3200 na D5100 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi ya 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, itaingia na picha itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani. D90 na D7000 mota zinayo.

Hatua ya tano, ukaguzi dukani. Nenda mchana, nenda na kadi yako. Kwa DSLR, toa lenzi, washa tochi ya simu uimulike kutoka nyuma huku unachungulia mbele. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Huku Pwani kwetu inaota haraka, na kuisafisha mara nyingi kunapita bei ya lenzi yenyewe. Mwambie asante, toka. Lenzi ikiwa safi, irudishe, weka f/16, piga ukuta mweupe, ikuze picha kwenye kioo. Madoa meusi machache ni vumbi la sensa na fundi analisafisha. Mstari au mkwaruzo ni habari nyingine. Uliza imepigwa picha ngapi. Nikon huandika idadi ndani ya faili la picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, kwa D3200 ilipimwa kiwandani kwa picha 100,000, kwa hiyo ukikuta 80,000 punguza bei. Kwenye 600D idadi haimo kwenye faili, unahitaji kompyuta na waya, basi angalia raba za mshikio na maandishi ya vitufe. Vikifutika, imefanya kazi sana.

Kwa briji kitu cha kwanza ni zumu. Washa, vuta mpaka mwisho, rudisha, rudia mara kadhaa huku umeweka sikio karibu. Mlio uwe laini na wa mfululizo. Ikikwama, ikikwaruza, au ikiandika hitilafu ya lenzi, usikubali "ni mchanga kidogo tu, fundi anatoa". Lenzi ya briji ikifa, kamera nzima imekufa. Elekeza pia kwenye anga tupu ukiwa umevuta zumu yote. Doa likibaki palepale katika kila picha, liko ndani, na hii huwezi kuifungua.

Kwa kamera yoyote kati ya hizi, toa betri uiweke juu ya kaunta ya kioo. Isiyolala sawasawa imevimba. Omba risiti yenye namba ya kamera, na mkubaliane siku za kurudisha ziandikwe humohumo.

Ukishatajiwa bei, weka kwenye maoni modeli, lenzi iliyokuja nayo na ile mistari mitatu ya karatasi yako. Bila hiyo mistari sitakujibu, maana nitakuwa nabahatisha.