Ogeni mama zangu, na msisubiri wekundu

Shikamoni mama zangu, na nyie mliowasindikiza karibuni. Leo naongelea ngozi tu, pale mionzi ya kutibu saratani inapopigwa, maana sisi manesi ndo tunaofungua hizo nguo kila siku.

Kuna mama mmoja wa titi, wiki ya 3 kafika kajifunga kanga kifuani, namwambia mama fungua nione, haifunguki, imegandia chini ya titi, kumbe ngozi imechubuka inatoa maji na yeye wiki zote hizo hajaosha pale sababu aliambiwa ukipigwa mionzi usioge. Tulikaa naye karibu saa nzima tunailowanisha kanga kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, kidogo kidogo, hadi ikaachia. Jamani hilo la kutooga ni la zamani, OGENI. Maji ya vuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja, dodoki hapana, halafu unagusisha taulo tu, husugui. Ila zile alama walizokuchora za kulenga mionzi usizifute.

Mionzi inaua seli za chini ambazo ndo zinazaa ngozi mpya, ya juu inaendelea kutoka kama kawaida huku ya kuziba haijafika. Ndo maana siku za kwanza huoni kitu, inaanza wiki ya 2 au 3, na inazidi kwenye mikunjo, kwapani, chini ya titi, kinenani.

Na hapa nisikilizeni sana. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu, hiyo ni ngozi ya mzungu. Yetu inakuwa nyeusi tii, inawasha, ukiigusa ina moto. Mgonjwa anaambiwa uko sawa, kumbe anaungua, na hilo linaniuma kweli. Usisubiri wekundu, sema nesi naungua.

Krimu ya mometasone, yaani dawa ya steroidi ya kutuliza ngozi, daktari akikuandikia unaanza mapema kabla ngozi haijachubuka, inapunguza makali, ila usiende kununua krimu za kujichubua ukadhani ni ileile. Shubiri watu wanaipenda lakini tafiti hazijaonyesha kwamba inazuia. Ikishaanza kutoa maji ni bandeji isiyoganda, na ukiona usaha au homa njoo siku hiyohiyo.

Halafu ukimaliza mionzi ya mwisho ngozi inaweza kuzidi kuharibika wiki 1 hadi 2 ndo ianze kupona, na wengi hapo washapanda basi kurudi mkoani. Kabla hujakata tiketi pita kwetu tuiangalie, uondoke na bandeji zako.