Nyoka wa jikoni na neno ambalo sikulisoma

Haya jamani mambo vipi, huko nyuma mnanisikia? Poa. Kabla sijaanza naomba mnifanyie kazi ndogo, kalamu chini kwanza, simu mfukoni, mnisikilize tu. Nasoma maneno 12, mara moja, sirudii. Kitanda. Uchovu. Kuamka. Shuka. Ndoto. Miayo. Mto. Blanketi. Kukoroma. Godoro. Giza. Neti. Basi. Sasa chukueni ile karatasi mliyopewa mlangoni muandike yote mnayokumbuka, mpangilio sio ishu, na usichungulie kwa jirani maana hapa hakuna maksi.

Mmemaliza? Kunjeni mzikalie, tutazirudia.

Mimi na kaka yangu tuna ugomvi wa miaka zaidi ya 30 sasa. Tulivyokuwa wadogo nyumbani Korogwe nyoka aliingia jikoni akauawa kwa mchi wa kinu, na mimi nakumbuka vizuri kabisa ule mchi ulivyokuwa mzito mkononi, nakumbuka mpaka harufu ya vitunguu vilivyomwagika. Sasa kaka naye anakumbuka yeye ndo alikuwa na mchi na mimi nilikuwa juu ya meza nalia. Kila tukikutana sikukuu lazima hii hadithi itoke tubishane mpaka chai ipoe, mpaka siku moja mama akachoka akasema nyie wote mlikuwa shule, nyoka aliuawa na jirani. (watu wanacheka) Mnacheka, lakini niambieni, hapo nani mwongo? Maana ningeapa mahakamani, na kaka angeapa pia.

Ndo swali la leo, kumbukumbu zetu tuziamini kiasi gani. Wengi tunachukulia kichwa kama simu, umerekodi, ipo kwenye galari, ukitaka unafungua unaiangalia, na ukisahau maana yake imefutika. Wanasaikolojia wamehangaika na hili miaka mingi na walichokikuta ni tofauti kabisa, na leo nataka mjue walijuaje, sio nije tu niwaambie "tafiti zinasema".

Mtu wa kwanza kulipima kwa namba ni Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, kitabu chake kilitoka 1885. Huyu jamaa alijifanyia majaribio mwenyewe, akatunga visilabi visivyo na maana yoyote, akawa anavikariri, anaacha, halafu anapima akijifunza upya anaokoa muda kiasi gani. Aligundua kusahau kuna haraka ya ajabu mwanzoni, ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi imeshapotea, ila baada ya hapo kasi inapungua, mpaka mwezi unapita bado kuna kitu kimebaki. Wanafunzi mnaokesha usiku wa mtihani mnamjua huyu mtu hata kama hamjawahi kusikia jina lake.

Lakini maisha sio visilabi, si ndio? Ndo akaja Mwingereza, Frederic Bartlett wa Cambridge, akasema wape watu hadithi. Akawapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, ina mizuka, ina mambo yasiyoeleweka kwa mtu wa Cambridge, halafu akawaomba waisimulie tena na tena baada ya siku, wiki, miezi. Ikawa inabadilika kila mara na haibadiliki ovyo, inaelekea upande mmoja, mitumbwi inakuwa boti, kuwinda sili, yule mnyama wa baharini, inakuwa kuvua samaki, ya mizuka yanapungua, yaani kila mtu anaivalisha nguo za kwao. Kitabu chake kilitoka 1932 na humo humo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Alikuwa ametembelea nchi ya Waswazi, leo inaitwa Eswatini, akakutana na mchunga ng'ombe, akamuuliza kuhusu ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla, na yule mzee akawataja mmoja mmoja, alinunuliwa kwa nani, rangi gani, bei gani, wakaja kulinganisha na maandishi ya mnunuzi wakakuta makosa mawili tu, madogo. Wazungu wa wakati ule walikuwa wanasema Waafrika wana kumbukumbu ya kipekee, Bartlett akasema hapana, hawa watu maisha yao ni ng'ombe, mpe kitu asichokijali atasahau kama wewe tu. Ukimuuliza konda wa daladala nani hajalipa si anajua? Ndo hivyo hivyo.

Sasa twende ndani ya ubongo kidogo. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 mwenye kifafa kikali alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville, akatolewa kipande pande zote mbili za ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya kitu kinaitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Ila kuanzia hapo akawa hawezi kuweka tukio jipya, mnaongea, unatoka nje dakika chache, ukirudi anakusalimia kama hajawahi kukuona. Kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi mbili tu, H.M., jina lake Henry Molaison lilitangazwa alipofariki 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anautazama mkono wake kwenye kioo, jaribuni nyumbani, mkono unakataa kabisa. Siku ya kwanza makosa kibao, siku ya pili afadhali, siku ya tatu anachora vizuri, na kila siku anasema hii kazi sijawahi kuifanya. Yaani mkono unakumbuka, mwenyewe hakumbuki! Kumbe kumbukumbu sio kitu kimoja, kujua kuendesha baiskeli kunakaa kwingine na siku uliyoanguka na baiskeli kunakaa kwingine. Na hilo tumelijua kwa mtu mmoja aliyepata hasara ambayo hakuiomba, mimi huwa nikifundisha habari zake naona aibu kidogo.

Toeni karatasi. Nani ameandika "usingizi"? Nyosheni mikono. (kelele) Wee, nusu ya ukumbi! Sikulisema. Bisha tu dada yangu, huyo hapo mbele aliyerekodi kwa simu atakusikilizisha baadaye. Ujanja huu ulianzia kwa James Deese 1959, wakaja kuufufua Henry Roediger na Kathleen McDermott 1995, kwenye jaribio lao la kwanza neno ambalo halikusomwa lilitajwa asilimia 40 ya mara, na kwenye jaribio la pili wengi waliodhani wamelisikia hawakusema "nahisi", walisema nakumbuka kulisikia. Maneno yote 12 yanaizunguka nyumba moja, kichwa kikaingia chenyewe ndani.

Kama ni usingizi tu tungecheka tukaenda. Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari halafu wakauliza yalikuwa na spidi gani, ila waliwagawa makundi na kubadilisha neno moja tu la swali. Kundi lililoulizwa yalipogusana lilisema wastani kama maili 32 kwa saa, lililoulizwa yalipobamizana likasema karibu 41. Filamu zile zile! Na kwenye jaribio jingine, baada ya wiki wakaulizwa uliona vioo vilivyovunjika, vioo havikuwepo, lakini wa "yalipobamizana" 16 kati ya 50 waliviona, wa "yalipogongana" 7 tu. Angalia mbinu ilivyo, kitu kimoja kinabadilishwa, vingine vyote vinaachwa vilevile, ndo maana huwezi kusema labda hawa wana macho mabovu.

Sasa fikiria ajali ya bodaboda pale barabarani, watu 20 wamezunguka, kila mmoja anaongea, polisi akifika nusu saa baadaye anachukua maelezo ya nani hasa? Majaji wetu hili wanalijua, mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa kuangaliwa kwa tahadhari kubwa, ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla. Mimi ningeongeza moja, kabla ya kufika kituoni uliongea na nani.

Muda umeisha naona, maswali? Ndiyo kaka, sema.

Anauliza, na mama je, tumwamini vipi, si na yeye ni kumbukumbu tu? (makofi) Umenikamata. Nilimpigia juzi nikijiandaa na huu mhadhara nikamuuliza tena, mama ile siku ilikuwaje. Akasema nyoka gani tena mwanangu, yule alikuwa kenge.