Mjomba, Sikutumii Dawa ya Kichina

Assalam aleikum watazamaji wangu, habari za huko? Wa Tanga, hamjambo nyumbani? Hilo tone-tone mnalolisikia huko nyuma si bomba limepasuka, jamani. Ni ukuta. Mwezi wa tatu hapa Guangzhou, kusini mwa Uchina, upepo wa kusini ukirudi na joto lake, kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo unaanika Jumatatu unaanua Ijumaa zikiwa bado mbichi. Nimeshatandika magazeti mlangoni nisije nikaanguka katikati ya video.

Na unyevu huu ndio umenileta kwenye mada ya leo. Wiki iliyopita mjomba wangu kanitumia ujumbe: "Mwanangu, huku silali. Nitafutie dawa ya Kichina ya usingizi, ile yenyewe, siyo hizi feki za mjini." Basi. Hata salamu hakumaliza. Na si yeye peke yake, kwenye maoni yenu kila siku: dada tutumie ya presha, dada ya sukari, dada ile ya akina baba unaijua. Mnadhani kwa kuwa nafungasha mizigo Xiaobei, mtaa wa biashara hapa Guangzhou, basi nina duka la dawa chini ya kitanda.

Sitatuma. Ngojeni niwaeleze kwa nini, kisha mnitukane.

Mwaka jana bega la kulia lilinigomea. Kazi yangu mnaijua, kunyanyua mabunda ya nguo tangu asubuhi mpaka kontena lijae. Nikawa siwezi hata kufunga ushungi. Jirani yangu Mchina akanipeleka hospitali ya tiba ya Kichina. Nilitegemea kijumba chenye moshi na mzee mwenye ndevu. Wapi! Ghorofa kumi na kitu, namba unachukua kwenye mashine, maabara ipo, eksirei ipo. Tena kitu cha kwanza daktari alichofanya ni kunipeleka nipige picha ya bega, ahakikishe hakuna kilichovunjika.

Daktari mwenyewe mama wa makamo, namwita shangazi kimoyomoyo. Nikamwambia: bega. Akaitikia, halafu akaanza maswali. Unalala saa ngapi? Unaamka usiku? Saa ngapi hasa? Choo chako kinashikamana au kinapita vizuri? Hedhi inakuja na mabonge? Unasikia baridi miguuni? Mdomo mchungu asubuhi? Unakunywa maji ya barafu? Mimi nikajisemea, huyu mama kanielewa vibaya, bega na choo wapi na wapi?

Kumbe hiyo ndiyo tiba yenyewe. Wana njia nne za kumsoma mgonjwa: kumtazama, kumsikiliza na kumnusa (kwao neno moja lina maana zote mbili), kumuuliza, na kumgusa. Akaniambia toa ulimi. Nikautoa. Akaonyesha pembeni ya ulimi kuna alama za meno, na juu utando mweupe mzito. Kisha akashika mshipa wa mkono, vidole vitatu, mkono wa kushoto kwanza halafu wa kulia, amefumba macho kama anasikiliza redio ya mbali. Kwao kila kidole kina mahali pake pa kusikiliza: kushoto moyo, ini na figo, kulia mapafu, wengu na figo tena. Na wengu wao, jamani, si kile kipande cha nyama tu mnachokijua buchani. Ni kazi nzima ya kusaga chakula na kuuondolea mwili unyevu.

Akasema: bega lako limeingiwa na upepo, baridi na unyevu, na unyevu umepata nafasi kwa sababu wengu umechoka. Acha barafu, acha zile chai za maziwa na sukari za kwenye vikombe vya plastiki. (Hapo ndipo tulipogombana kidogo.)

Sasa nikarudi nyumbani nafikiria yale maneno. Upepo, baridi, unyevu, vimeingia kwenye kiungo. Mbona kama nayajua? Sisi maumivu ya viungo tunayaitaje? Baridi yabisi! Tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Baridi, na ukavu. Ni jina la tiba ya zamani ya pwani, iliyokuja na vitabu vya Waarabu, na Waarabu wenyewe walichukua kwa Wagiriki: mwili una moto na baridi, umaji na ukavu, ukizidi upande mmoja unaugua. Bibi yangu hakusoma chochote cha Ugiriki lakini alijua chakula gani ni cha moto na kipi cha baridi, na alikuwa na pembe yake ya ng'ombe ya kuumikia watu mgongoni. Chuku. Hawa wa huku wanatumia vikombe vya kioo na moto kidogo ndani, ila nilipoviona tu nilisikia harufu ya mafuta ya bibi. Wao wanasema unyevu, sisi yabisi, kwa hiyo hatuko kijiji kimoja, lakini tumepita barabara zinazoonana.

Siku ya sindano, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, ndiyo ilinichekesha. Nimevua bega, najiandaa. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akanichoma kwenye mguu! Mbele ya mguu, katikati ya goti na kifundo. Huku anaizungusha ile sindano ananiambia nyanyua mkono, nyanyua tena. Mkono ukapanda. Si mpaka juu, lakini ukapanda. Kwao mwili una njia, na njia moja inaunganisha shingo na mguu, kwa hiyo mlango wa bega unaweza kuwa mguuni. Ni sindano ya bega? Ni zile wiki mbili sikunyanyua mabunda? Siwezi kuapa. Nawaambia nilichoona.

Sasa tufike kwenye dawa, maana huko ndiko mnakonisubiri.

Miaka kama elfu moja na mia nane iliyopita kulikuwa na tabibu anaitwa Zhang Zhongjing. Ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Anaandika kwamba tangu mwaka 196, kabla hata miaka kumi haijatimia, theluthi mbili yao walikuwa wamekufa, na katika kila kumi waliokufa, saba ni kwa homa zinazoanza na baridi. Fikiria unavyozika kila mwezi. Akakaa chini akaandika kitabu cha homa hizo, Shanghan Lun, na madaktari wa huku wanakisoma mpaka leo.

Nikimsoma kwa msaada wa shangazi, kuna kitu kimoja kilinikaa. Watu wawili wana mafua. Wote homa, wote kichwa, wote wanasikia baridi. Duka la dawa la mtaani kwetu wote watapewa pakiti moja. Zhang Zhongjing anauliza: unatoka jasho au hutoki? Anayetoka jasho na anaogopa upepo anapewa dawa ya vijiti vya mdalasini. Asiyetoka jasho kabisa, mwili unamuuma mpaka mifupa, anapewa nyingine, yenye mmea unaoitwa mahuang, ambao unafungua jasho kwa nguvu. Ukizibadilisha unamdhuru mtu. Mafua ni yale yale kwa jina, lakini yeye anatibu watu wawili tofauti. Na kinyume chake kipo: magonjwa mawili yasiyofanana hata kwa sura, dawa moja, kwa sababu hali ya mwili ni moja.

Hiyo ya mdalasini ngojeni niwape, mtaicheka. Mdalasini, tangawizi mbichi, mizizi ya mpeonia (mmea wa maua wa huku), urukususu, na tende za Kichina kumi na mbili. Hizo tende si tende, ni ndugu wa kunazi zetu. Yaani nusu yake ipo jikoni kwa mama. Lakini tamu iko kwenye maelekezo. Ukishakunywa, subiri kidogo, kisha kunywa uji wa mchele mwepesi wa moto kuisaidia dawa. Jifunike kwa muda wa saa mbili hivi. Jasho litoke kidogo tu, mwili uwe na unyevunyevu, lisitiririke kama maji, maana likitiririka ugonjwa hautatoka. Na ukipona kwa kikombe cha kwanza, acha. Usimalize. Chakula kibichi na cha baridi, nyama, pombe, weka kando. Sisi na nyungu zetu tunajifunika blanketi mpaka mtu anatoka amelegea kama mlenda, na tunajisifu!

Kwa hiyo mnaona tatizo langu? Dawa hapa inaanza kwa mtu. Ulimi wake, mshipa wake, usingizi wake, amefiwa au ameoa, anaishi kwenye unyevu au kwenye vumbi. Halafu baada ya wiki unarudi, shangazi anatoa mzizi mmoja anatia mwingine, kwa sababu wewe umebadilika. Sasa lile boksi jekundu lenye picha ya mlima, linalouzwa stendi kwamba linatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na mapenzi, hilo lina Uchina gani? Ni kinyume kabisa cha Uchina wa vitabu vyao.

Na hatari ipo. Ule mmea mahuang una efedrini, unapandisha presha. Urukususu ukizidi nao unapandisha presha. Nimtumie mjomba ambaye ana presha, kwa sababu kwenye boksi kuna neno la Kichina? Kule Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wanapunguza mwili walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine kwa sababu majina yanafanana, fangji na guang fangji. Hiyo "guang" ni ya mkoa huu huu ninaokaa. Ule wa pili una sumu ya figo. Wanawake wengi wakaharibika figo, wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Neno "asili" halikuwasaidia.

Najua mtakachoniandikia: "Dada, mbona mseto wa malaria umetoka huko huko?" Kweli. Ge Hong, karne ya nne, aliandika: chukua mmea wa qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Mwanasayansi Tu Youyou akasoma kile kifungu akashtuka, mbona anasema kukamua, hasemi kuchemsha? Huenda moto unaua dawa. Akaitoa kwa etha, kimiminika cha maabara, kwa joto la chini, na Oktoba 1971 ikaua vijidudu vyote vya malaria kwenye panya. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Leo kila zahanati kwetu ina mseto. Lakini mkumbuke: kitabu kilitoa fununu, maabara ikathibitisha, na kile kidonge sasa hakiulizi ulimi wako. Kinauliza kilo zako tu. Hizo ni njia mbili, na mimi nazipenda zote. Ukiwa na malaria sitaki unishike mshipa, nipe mseto.

Kuna siku shangazi alitaka kuniongezea ejiao ya kuongeza damu. Nikauliza ni nini, akasema ni gundi ya ngozi ya punda. Hapo nikakataa. Nimewaona punda wa Lamu, na nimesikia walivyokuwa wanaibwa vijijini kwa ajili ya ngozi, mpaka Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Shangazi hakubisha, akaandika kitu kingine. Nampendea hilo.

Haya, mjomba. Nilimweleza shangazi habari zake. Nikadhani ataniandikia ile dawa maarufu ya mbegu za ndugu wa kunazi, ambayo Zhang Zhongjing huyo huyo aliiandika kwa watu wasiolala. Akacheka. Akasema kukosa usingizi kuna sura nyingi: kuna wa moyo uliochoka kwa mawazo, kuna wa ini lenye hasira, kuna wa tumbo lililojaa. Muulize kwanza.

Nikamtumia mjomba maswali saba. Unaamka saa ngapi? Unakula nini usiku, na saa ngapi? Moyo unakwenda mbio? Dawa za presha unakunywa? Na kadhalika. Nikategemea atanitukana. Akanijibu kwa sauti, dakika kumi na moja. Nimeisikiliza yote nikiwa kwenye basi.

Dawa za presha aliziacha tangu mfungo. Na kila usiku anakaa barazani kwa muuza kahawa mpaka saa tano, saa sita, vikombe sita vya kahawa chungu. Nikampigia, nikamwambia, mjomba, kahawa yote hiyo usiku, utalala vipi? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, tangu mke wangu afariki, nikirudi mapema nyumba inanishinda."

Binamu yangu kampeleka hospitali juzi, kaanzishiwa dawa zake upya. Na mjukuu wa miaka tisa amehamishiwa kwake, anasoma shule ya karibu na hapo. Jana nimeuliza hali. Nikaambiwa kikombe kimoja tu, tena cha magharibi, kwa sababu mtoto anaogopa kulala peke yake.