Gredi ya Saba Malindi: Hapo Hapo au Mjini?

FATMA: Kazungu, kuna mama mmoja anayeishi mtaa wa Muyeye katutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe anamaliza gredi ya sita, na anataka kumhamishia shule ya serikali huku mjini. Kasikia "inapasisha".

KAZUNGU: Inapasisha mtihani gani, dada? KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, wa mwisho ulifanywa 2023. Watu bado wanatembea na sifa za enzi zile.

FATMA: Si kuna KPSEA, ile tathmini ya gredi ya sita?

KAZUNGU: Ipo, ila haimchagulii mtoto shule. Tangu Januari 2023 sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, imewekwa ndani ya shule za msingi; mtoto anavuka darasa, lango ni lile lile. Zile alama za KPSEA zinamngoja mbele. Asilimia 20 ya matokeo ya gredi ya tisa inatoka huko, 20 nyingine ni tathmini za shuleni gredi ya saba na ya nane, halafu 60 ndiyo KJSEA yenyewe, mtihani wa mwisho wa gredi ya tisa.

FATMA: Eh! Kwa hivyo shule ikizembea gredi ya saba, deni analipa mtoto.

KAZUNGU: Tena KNEC, baraza la mitihani, haipangi shule, ya kwanza mpaka ya mkia. Mtu akikwambia shule fulani ni ya pili Malindi, muulize kaitoa wapi.

FATMA: Basi huyu mama apime kwa nini?

KAZUNGU: Walimu. Abishe hodi ofisini, aulize: sayansi jumuishi anafundisha nani, na huyo huyo ndiye wa hisabati, kilimo na michezo? Maana hilo lipo. Mwalimu alisomea masomo mawili, anabebeshwa matano. Aulize pia wangapi wameajiriwa na wangapi ni wanagenzi, wale wa mkataba wa muda. Mwaka 2024 wanagenzi waligoma, kuna watoto walikaa darasani wakitazamana.

FATMA: Na maabara?

KAZUNGU: Shule nyingi za msingi hazikujengewa maabara, hata hizi zenye jina. Serikali inatenga kama shilingi 15,000 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka, lakini huja kwa mafungu, na huchelewa. Asiulize "mna maabara?" Ataambiwa ndiyo. Aombe kuona daftari la sayansi la mtoto wa gredi ya nane. Kama ni kunakili ubaoni tu, ataona.

FATMA: Hiyo nimeipenda. Mimi ningeongeza nauli: tuktuk kwenda na kurudi kila siku, miaka mitatu. Na mtoto wa miaka kumi na miwili kurudi magharibi peke yake, mimi sitaki.

KAZUNGU: Kwa hivyo ungemwacha Muyeye?

FATMA: Kama kuna mwalimu wa sayansi na wa hisabati, namwacha, na ile nauli inanunua vitabu. Kama hawapo, ahame.

KAZUNGU: Nami hivyo hivyo. Ila aende kabla muhula wa tatu haujafungwa, awakute walimu wenyewe.

FATMA: Na sare?

KAZUNGU: Sare asinunue kwanza!