Mteja Wako Yuko Dukani kwa Mwenzio

Assalamu alaykum. Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mnaomaliza ufundi, ahsanteni kuniita nyumbani Chake Chake. Mimi si msomi wa biashara. Ni fundi wa viyoyozi na mafriji, nazunguka Unguja na vespa na sanduku la vifaa, huu mwaka wa 11. Duka sina mpaka leo.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nabisha hodi hotelini, Nungwi, Kiwengwa, Paje. Mlinzi wa getini akisema meneja hayupo, basi hayupo. Nachoma petroli, narudi mjini mikono mitupu.

Siku moja nimeingia duka moja Darajani kununua kapasita, namkuta mwenye duka anagombana na mteja. Kiyoyozi kipya, hakijamaliza miezi minne, hakitoi baridi. Yeye anauza tu, fundi hana. Nikamwambia, "Bwana, nielekeze nyumba nikaangalie, usinilipe."

Nyumba yenyewe iko Jambiani, bahari ile pale. Kile kisanduku cha nje kimefungwa kikitazama upepo wa kusi, mapezi yake ya alumini yamejaa chumvi, ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Nikayaosha kwa maji matamu, taratibu, maana ukiyapiga kwa nguvu yanalala. Jioni chumba kimepoa.

Nikadhani mwenye duka atataka kamisheni kwa kila kazi atakayonipa. Wallahi hakutaka hata shilingi. Alichotaka ni mteja asirudi kumpigia kelele mbele ya watu. Tukakubaliana: anayenunua kwake, kufunga nafunga mimi kwa malipo, na kuosha mara ya kwanza ni bure. Hiyo bure ndiyo iliyonilisha, kwa sababu aliyeoshewa mara moja akaiona tofauti, ya pili anapiga simu mwenyewe. Tangu hapo nikienda kwa mtu simuulizi atanipa kazi ngapi. Namuuliza kitu gani kinamkosesha usingizi.

Na si kila mshirika ana duka. Paje kuna nyumba nyingi za kupangisha ambazo wenyewe hawaishi huko. Wameziachia kampuni za usafi. Wale kina dada wanaobadilisha mashuka ndio wa kwanza kuona maji yanachuruzika ukutani. Wananitumia picha kwa WhatsApp, mimi nafika kabla mgeni hajalalamika, na hesabu yangu inaingia kwenye ankara ya kampuni yao. Hata M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, Vodacom haikujenga duka kila kijiji. Iliwatumia wenye maduka waliokuwapo.

Sasa niwaambie nilipoumia. Hoteli moja, siitaji, ilinipa vyumba vyote. Nikalewa, nikawa nawazungusha wale wateja wadogo, leo kesho, leo kesho. Malipo tuliambiana baada ya siku 30, kwa mdomo. Masika yakaingia, wageni wakapungua, hoteli ikafunga mwezi wa nne, na gesi yote ya viyoyozi nilikuwa nimenunua kwa pesa yangu. Sisi Wapemba karafuu yetu mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, lakini angalau unafika kituoni bei unaijua. Mimi nilikuwa na mnunuzi mmoja na bei naisubiri kwenye simu isiyopokelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nilikuwa nalo. Karatasi yenye saini ya hoteli ndiyo sikuwa nayo.

Siku hizi naandika ukurasa mmoja tu, Kiswahili: gesi ananunua nani, nusu ya pesa inatoka lini, na saa nane za usiku kiyoyozi kikizima anapigiwa nani. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalovunja urafiki. Ninayo nakala hapa, mtaipitisha safu kwa safu.

Maswali nitayajibu yote, lakini hiyo adhana ya alasiri. Tuswali kwanza.