Mpe Mtoto Kanuni ya Tingatinga, Twiga Mwachie Mwenyewe

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi na wazazi, Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wazazi, ndaga fijo, asanteni sana, kwa kutoka na baridi hii.

Siku ya maonyesho ya shule, ukiingia darasani unakuta ukuta mzima wa twiga. Wote wanatazama kushoto, wote wana madoa yaleyale, na mwalimu anakwambia kwa furaha kwamba watoto wamechora kwa mtindo wa Tingatinga. Mimi huuliza: huyu ni wa nani, na yule ni wa nani? Watoto wenyewe wanaangaliana. Mwalimu alichora ubaoni, darasa likanakili, basi.

Sasa tumtazame huyo Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, mtu wa kusini. Alipita mashamba ya mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za ndani na vibarua. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora kwa kuuza. Hakusomea sanaa popote. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Picha zikauzwa mahali pa wazi, karibu na maduka ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Msimpime kwa picha zilizojaa maduka ya watalii, zenye wanyama ishirini na maua kila pembe. Hizo nyingi ni za waliokuja baada yake. Kazi zake mwenyewe mara nyingi zina mnyama mmoja, mkubwa, amejaa ubao karibu wote, na nyuma yake rangi moja iliyotulia. Rangi ya baiskeli ni nzito na hukauka iking'aa, haikubali kufifishwa taratibu kama rangi ya maji, ndiyo maana kila umbo lake lina ukingo unaoonekana wazi.

Hizo ndizo kanuni za kumpa mtoto: mnyama mmoja, ajaze nafasi, nyuma rangi moja, utumie kilichopo. Na mnyama awe yule unayemfahamu.

Hapo kwenye kufahamu ndipo tunapoanguka. Mtoto wa Uyole twiga amemwona kwenye jalada la daftari. Lakini simbilisi wanaokimbia chini ya meza ya jikoni anawajua mmoja mmoja, nani mkali na nani mlafi. Anamjua ng'ombe wa babu na pembe yake iliyopinda. Na kama mnataka mnyama wa porini, mbona tunaye kipunji, yule kima wa huku kwetu? Yuko Mlima Rungwe hapo na misitu ya upande wa Kitulo. Wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005, ingawa wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake siku nyingi. Ana manyoya ya kahawia, uso mweusi, mkia mrefu, na kishungi kimesimama kichwani kana kwamba ameamka sasa hivi. Mpe mtoto wa darasa la tatu kishungi hicho uone kama atahitaji mfano ubaoni.

Vifaa. Rangi ya baiskeli tuiache: harufu yake kali, na kuitoa mikononi kunataka mafuta ya taa. Hadibodi ni ghali, ila maboksi sokoni Mwanjelwa yamejaa. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano, upoe, ndiyo gundi. Chekecha udongo kwa chujio la chai, uchanganye na uji huo, upake boksi lote: rangi ya nyuma ya mnyama imepatikana. Udongo wa shambani kwako na wa kandokando ya mto haufanani, waache watoto walete wa kwao. Mkaa uliosagwa ni mweusi. Binzari ya manjano mnaijua. Kokwa za parachichi, ambazo Rungwe tunazitupa kila siku, ukizichemsha maji yanatoa rangi ya waridi, na kadiri yanavyokaa jikoni inakolea kuelekea wekundu. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki. Picha haitang'aa kama ya Tingatinga. Sawa tu.

Najua kuna atakayesema: mbona hata wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, walijifunza kwa kukaa naye na kufuata mkono wake? Ni kweli. Lakini wale walikuwa watu wazima wanaotafuta riziki, na mteja akitaka chui unampa chui. Mtoto wa miaka tisa hana mteja. Ana mwalimu, na mwalimu akishachora wa kwake ubaoni, mtoto hatathubutu kumpa ng'ombe wake macho yote mawili upande mmoja.

Nanyi wazazi, picha ikifika nyumbani msianze kuhesabu miguu. Muulize mnyama anakwenda wapi. Na mtoto aandike jina lake mbele, kwa herufi kubwa. Tingatinga aliandika lake palepale kwenye picha.

Maneno yametosha. Maboksi yameshakatwa, yako nje chini ya mti, na sufuria ya kokwa bado ina moto, msiiguse. Kila mmoja achore mnyama anayemjua. Twiga leo marufuku, isipokuwa kwa walimu mliotoka Idodi kule jirani na Ruaha. Nyie tunajua anawapitia.